Kifuniko cha Sita

Kazi yangu ni kufundisha watoto wadogo kutambua vitu vinavyofanana. Mume wangu hunicheka mpaka leo. Husema mke wake anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupanga soksi. Mwache acheke. Mtoto asiyeweza kupanga soksi mbili zinazofanana hajui kuhesabu, hata akikuimbia moja mpaka ishirini bila kukosea. Huyo anaimba tu. Kuhesabu kunaanza siku mtoto anapoweka kifuniko kimoja mbele ya kila kikombe, bila kuruka kikombe, bila kukipa kikombe kimoja vifuniko viwili, kisha anakutazama usoni kuona kama na wewe umeona.

Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini hapa Likasi, katika shule ndogo ya Shituru, kati ya reli na nyumba za zamani za kampuni. Vifaa vyangu ni vifuniko vya chupa za soda ninavyookota kwa wauza vinywaji na kuvichemsha mwenyewe, pamoja na maharagwe, na vijiwe vya kijani ambavyo watoto hutoka navyo kwao mifukoni. Nilikuwa nikijisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba mtoto akikaa kwangu wiki mbili, namjua kuliko mama yake mzazi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Mwaka jana mdomo huo ulifungwa.

Shule ilipofunguliwa, bibi mmoja alimleta mjukuu wake, msichana wa miaka mitano. Walitoka upande wa Kamatanda, mbali na sisi, ambako baba wa mtoto anachimba mawe kwa nguvu za mikono yake. Hakuna mwanafunzi wangu mwingine aliyekaa kule. Bibi aliuza viazi vitamu karibu na reli, kwa hiyo ndiye aliyemleta mtoto asubuhi na kumrudisha adhuhuri. Siku ya kwanza alipiga goti, akapiga makofi mawili ya taratibu kama wazee wetu wanavyosalimia, akanipa karatasi ya kuandikishwa, akaenda zake. Jina lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa la Biblia, kwa sababu mama wa mtoto ni mtu wa maombi na hataki majina ya mila yasikike shuleni. Kama wangeandika lile la nyumbani, ningejua yote siku ile ile, na leo nisingekuwa na aibu ya kusimulia.

Mtoto huyo alinishinda. Leo nafundisha rangi, anazipanga nyekundu kwa nyekundu na njano kwa njano, hakosei hata moja. Kesho namwambia arudie, anazitazama rangi kama mgeni aliyeshuka kwenye treni. Kesho kutwa rangi zimerudi zote kichwani, ila sasa hajui wimbo tulioimba jana. Nikidhani amesahau kabisa, namkuta anajua nusu ya jambo, tena kwa njia yake. Mara moja nilimwambia ahesabu vifuniko, akatafuta vijiwe kwanza, kwa sababu alikuwa anajua kuhesabu vijiwe tu. Hata mikono yake ilinichanganya. Siku nyingine alishika kalamu kwa kushoto, siku nyingine kwa kulia. Nikajiambia ni wale watu wachache wanaotumia mikono yote miwili, na nikajipongeza kwa kuligundua.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nilikuwa na za kwangu, na zilikuwa chache.

Darasani kulikuwa na msichana mmoja mwenye ulimi mwepesi, anayekaa mstari wa mbele, jino moja limetoka. Wiki ya pili tu aliniita. Watoto wa shule ya chini hapa wanatuita sisi walimu wa kike kwa Kifaransa, hata wale ambao hawajui neno lingine la Kifaransa.

"Maîtresse, uyu haina ule wa jana." Alimaanisha huyu si yule wa jana.

"Kaa chini," nikamwambia. "Muntu hageuke muntu mwingine kila siku."

Alirudia tena mwezi wa kumi, na tena baada ya Krismasi. Mara ya tatu nilimweka ukutani kwa robo saa ili ajifunze kunyamaza, na akajifunza kweli.

Kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote. Kila mtoto anaweka kifuniko kimoja kwa kila mtu wa nyumbani kwao, anakigusa na kumtaja. Hapo mtoto hahesabu vitu vya mwalimu, anahesabu watu wake, na huwa hakosei kwa sababu anawapenda. Msichana wa Kamatanda aliweka vifuniko vitano. Papa, mama, kambo, yaani bibi yake, mutoto mudogo, na minye, yaani yeye mwenyewe. Nilimpa zoezi hilo mara nyingi, siku za mkono wa kushoto na siku za mkono wa kulia. Vitano kila mara, bila kusita. Nilimpigia makofi, darasa likapiga pia. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba angalau jambo moja mtoto huyu analijua kila siku.

Mwezi wa pili nilianza kutoa nyota. Nilizikata kwenye karatasi za biskuti zinazong'aa, nikazibandika kwa pini kwenye tablier, ile aproni ya miraba ambayo watoto wetu wanavaa juu ya nguo. Nyota ilikuwa ya mtoto aliyeweza kuoanisha vikombe kumi na vifuniko kumi peke yake, nikiwa nimekaa kimya. Siku ya Jumanne msichana wa Kamatanda aliipata. Alivipanga vyote kwa mkono wa kushoto, taratibu, ulimi nje. Nilifurahi mpaka nikambusu kwenye paji la uso. Nilisema moyoni, sasa amefunguka.

Jumatano mkuu wa shule alipita darasani, nami nikataka kumwonyesha maajabu yangu. Nikamwita mtoto mbele, nyota kifuani, nikampangia vikombe kumi. Aliweka vifuniko vinne. Kikombe cha tano akakipa viwili. Cha sita akakiruka. Kisha akasimama, mikono nyuma.

"Fanya sawa jana," nikamwambia.

"Jana minye sikukuya."

Nilifungua daftari la mahudhurio mbele ya mkuu wa shule, nikaweka kidole kwenye alama. Alikuwepo. Nikamwonyesha nyota kwenye kifua chake mwenyewe.

"Na hii ni ya nani?"

"Haina yangu."

Mtoto wa miaka mitano ananikana mbele ya mkubwa wangu, huku ushahidi umening'inia kwenye nguo yake! Niliichomoa ile nyota, pini ikararua kitambaa kidogo. Nikasema muongo hapewi nyota. Halafu nilifanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka naona haya peke yangu jikoni. Nililigeukia darasa, nikauliza, "Uyu ni nani?" Nikawafundisha jibu. Watoto zaidi ya thelathini wakaitikia pamoja: "Muongo!" Yule msichana wa mstari wa mbele ndiye peke yake ambaye hakufungua kinywa. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mtoto hakulia. Alinitazama tu kwa mshangao, na mshangao huo niliuita kiburi.

Mchana ule ule niliandika kwenye buletini yake, karatasi ya matokeo, kwa kalamu nyekundu, kwamba hawezi kupanda darasa la kwanza, arudie mwaka, na kwamba wazazi wampeleke kwa daktari wa kichwa. Mkuu wa shule akatia sahihi. Nikampa bibi ile karatasi mlangoni, akaipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake mtoto hakuja. Kesho kutwa pia hakuja. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza, na hata viazi vya bibi sikuviona tena kando ya reli. Mwanzoni nilisema ni hasira za kitoto. Baadaye usingizi ukaanza kunipungua. Kumwambia mtoto arudie darasa ni kitu kimoja, kumfukuza shuleni kwa ulimi wako ni kingine. Jumamosi nilipanda pikipiki ya kukodi, nikaenda Kamatanda na kuulizauliza nyumba kwa nyumba, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba yangu. Ningeanza na pole, halafu ningeeleza kwa nini nilikuwa na haki.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, ina pazia badala ya mlango. Kabla sijapiga hodi nilisikia sauti yangu.

Nasema kweli, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye koo la mtoto: "Kifuniko kimoja, kikombe kimoja! Usiruke! Niko nakuangalia!" Nilizunguka pembe ya nyumba. Kwenye kivuli cha ukuta alikuwa amesimama mwanafunzi wangu, ameshika kiuno kama ninavyoshika mimi, amevaa tablier ya miraba iliyoraruka kidogo kifuani. Na chini mbele yake, kwenye mkeka, alikuwa ameketi mwanafunzi wangu.

Sina njia nyingine ya kulisema. Walikuwa wawili. Paji lile lile, masikio yale yale madogo, misuko ile ile minne. Mmoja ana tablier, mwingine ana sketi ya ndani. Mbele ya yule aliyeketi kulikuwa na mstari wa vijiwe vya kijani na mstari wa vifuniko, na mkono wake wa kulia ulikuwa umesimama hewani.

Nilitafuta ukuta kwa kiganja nikauegemea, nikasema "Yesu." Miaka ishirini nafundisha watoto kuona vitu viwili vinavyofanana. Nilikaa na vitu viwili vinavyofanana miezi mitano, nikaviita kimoja.

Bibi alitoka ndani akaniona. Hakushtuka. Alinisogezea kigoda, akapiga makofi yake mawili, akaketi kwenye mkeka karibu na wajukuu.

"Njo vile, Maîtresse," akasema, yaani ndivyo ilivyo. "Ni mapasa."

Mapasa ndio mapacha. Kwetu mapacha wana majina yao ya mila yanayowasubiri tangu tumboni. Ukisikia jina moja tu, unauliza mara moja, na mwenzake yuko wapi? Jina la Biblia halimuulizi mtu kitu.

"Kambo, juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Baba yabo alipata makuta ya kulipia mutoto mumoja. Mama yabo alisema, tutume mumoja, mwingine atakwenda mwaka ingine. Minye nikakatala. Mapasa habachaguliwe. Ukipatia uyu, ukinyima ule, ule anakasirika, anarudia kwenye alitokea. Minye nilishazika mapasa, najua. Njo nikasema, bakwende mumoja leo, mumoja kesho. Tablier ni moja, jina ni moja. Mwenye alikwenda, mangaribi anafundisha mwenzake."

Nilitazama vile vijiwe vya kijani. Kumbe ndiyo maana kuna siku alijua nusu ya jambo, na kuhesabu kwake kulikuwa kwa vijiwe. Alifundishwa na mwalimu mwenye miaka mitano, hapa ukutani, kabla giza halijaingia.

"Mungeniambia," nikasema.

"Mungebafukuza bote babili." Hakulisema kwa ubaya. "Nilibafundisha, bakiuliza muko bangapi ku nyumba, museme batano."

Hapo ndipo niliposhtuka zaidi kuliko nilipowaona wawili. Nilivihesabu vichwa vya nyumba ile kwa kidole changu, kama mtoto: baba, mama, bibi, kichanga, na hawa wawili. Sita. Jibu moja nililolipigia makofi kila siku lilikuwa uongo. Na siku moja mtoto aliponiambia ukweli mtupu, kwamba jana hakuja na nyota si yake, nililifundisha darasa zima kumwita muongo.

Nilimuuliza bibi kwa nini hawaji tena, hata yule mwingine.

"Mwenye ulimutosha nyota ku kifua anakatala kurudia ku masomo. Mwenzake hawezi kumupita."

Nilishuka kwenye kigoda, nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule aliyevaa tablier, maana palipochanika niliporarua mimi palikuwa usawa wa macho yangu. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwita mama, kama tunavyomwita msichana tunayemheshimu.

"Mama, unisamehe. Nilikukosea."

Aliniangalia kwa huruma, huruma ile ile ninayoiona watoto wakimtazama mwenzao aliyekosa kikombe.

"Haina minye, Maîtresse. Ni ule."

Nikageuka. Kwenye mkeka kulikuwa na vijiwe tu. Mwenzake alikuwa ameingia ndani, na pazia lilikuwa bado linatikisika. Niliomba msamaha wangu kwa kulielekea pazia. Pazia likatulia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nikapanda pikipiki nikarudi mjini na hotuba yangu tumboni.

Jumatatu nilimweleza mkuu wa shule. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Alisema tumedanganywa. Nikamwambia tumedanganywa na watoto ambao hata thelathini hawajafika kuihesabu, kwa hiyo afadhali tusilipeleke mbali. Mwisho alikubali wote wawili wamalize mwaka kwa ada ile ile moja, na mwezi wa sita awapime mwenyewe, kila mmoja peke yake. Atakayeweza atapanda darasa la kwanza, atakayeshindwa atarudia, na yale maandishi yangu mekundu hayatafutwa mpaka hapo. Nilishona tablier ya pili kwa kitambaa cha meza yangu. Miraba haikufanana vizuri, na nilifurahi, kwa sababu angalau ningewatofautisha.

Wa mkono wa kushoto alirudi Jumanne, mwenzake akiwa amemkubalia, nikamrudishia nyota yake. Wa mkono wa kulia hakuja. Alikuja wiki iliyofuata, akakaa nyuma kabisa. Nilimpa nyota nyingine niliyoikata kwa ajili yake. Aliitazama bila kuigusa.

"Haina yangu," akasema, na mimi nikairudisha kwenye droo.

Nilimwita yule msichana wa mstari wa mbele, nikamuuliza tangu lini alijua kuwa ni wawili.

"Siku ya pili."

"Na bengine?"

"Batoto bote banajua." Akaniangalia kwa makini. "Ule anakamata na kushoto. Uyu iko na kovu hapa, ku kisigino. Nilikusemea, ukaniweka ku ukuta."

Miezi ile minne yule wa kovu alifanya kila nilichomwambia wala hakusema neno zaidi ya lililohitajika. Sikujua anajua nini. Usiku wa kuamkia kipimo sikuogopa kwamba hataweza. Niliogopa kwamba ataweza na atakaa kimya, kwa sababu kwangu amejifunza kuwa kusema kunaponza.

Mwezi wa sita mkuu wa shule aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti karibu na kidevu, buletini mbili mezani. Wa mkono wa kushoto alimaliza haraka, akatoka nje kucheza. Kisha akaingia wa kovu. Alipanga rangi. Alioanisha vikombe kumi na vifuniko kumi, kimoja kimoja, hakuruka hata kimoja. Mstari upi una vingi? Akaonyesha. Kalamu ya mkuu wa shule ilikuwa inaandika na mimi nilikuwa nimeanza kupumua.

"Sasa," mkuu wa shule akasema, "weka kifuniko kimoja kwa kila muntu wa kwenu."

Mtoto aliweka. Papa. Mama. Kambo. Mutoto mudogo. Minye. Vitano, kwa mstari ulionyooka. Mkono wake ukarudi kwenye rundo, ukachukua kimoja zaidi, ukakifumba. Hakumtazama mkuu wa shule. Alinigeukia mimi, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

"Maîtresse, niseme ya kweli, ao ile ya masomo?"

Mkuu wa shule aliacha kuandika. Mtoto akasubiri, ngumi yake imefumbwa juu ya meza.

"Ya kweli, mama," nikasema.

Akakifumbua kiganja, akakiweka kifuniko cha sita kando ya cha tano, na akalitaja jina la dada yake.